Oili ya difu kwa gari la porini: kuichagua, kuimwaga na kuikinga na maji

Nati ya chini ilipolegea, haikutoka oili nyeusi niliyoizoea. Kilitoka kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kizito, chenye mapovu, kikashuka kwenye beseni taratibu kama uji. Dereva aliyeleta gari alichuchumaa akakitazama, kisha akaniuliza, "Fundi, hiyo ndiyo oili?"

"Ndiyo oili, kaka. Oili na mto."

Lilikuwa Land Cruiser la 70, lile tunaloliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Wiki mbili nyuma, katikati ya masika, alikuwa amevuka nalo maji yaliyofunika vitovu vya magurudumu. Hakuwa na wasiwasi, kwani gari lina mkonga, linapumua juu. Kumbe inayopumua juu ni injini. Difu zake, yale mabonge ya gia kwenye ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu, zinapumulia chini, kwenye matope. Kilichoniuma zaidi ni kwamba oili ile ilikuwa sinthetiki ya bei mbaya, ina mwezi mmoja tu, tena ya daraja sahihi kabisa. Alichagua vizuri, akapoteza vilevile.

Kwa hiyo hapa nitaeleza mambo mawili yasiyoachana: kupata oili inayolingana na meno yaliyomo ndani ya difu yako, na kuhakikisha inabaki kuwa oili. Mifano mingi ni ya mkonga, maana ndio ninaoushika kila siku, na ndio unaobeba watalii, wagonjwa na magunia kutoka Arusha hadi Loliondo. Ukiwa na Defender, Patrol, Hilux au Prado, njia ni hiyohiyo. Kinachobadilika ni namba zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari.

LALA CHINI YA GARI KABLA YA KWENDA DUKANI

Watu wengi huanzia dukani, na hapo ndipo kosa linapoanza. Anza na mkeka. Tandika, lala, tazama.

Gari la 4x4 la kawaida lina matumbo manne ya oili mbali na injini: difu ya nyuma, difu ya mbele, giaboksi na transfa (kisanduku kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma). Hayachangii chakula. Kila moja lina nati yake ya kujazia na nati yake ya kumwagia, na kila moja lina oili yake. Kwenye mkonga na Defender ya zamani utaona ekseli mbili nzima, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na lile bonge la mviringo ndiyo nyumba ya difu. Kwenye Hilux na Prado nyingi ekseli nzima iko nyuma peke yake. Difu ya mbele imening'inizwa chini ya injini, na shafti mbili fupi zinatoka pembeni yake. Difu hiyo ya mbele ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Nimeshafungua Hilux ambayo nati yake ya mbele haijawahi kuguswa tangu gari lishuke melini.

Ukiwa hapo chini, jibu swali moja: difu ya nyuma ni ya kawaida, ni ya LSD, au ina loki? Loki ni kifaa kinachofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja; ya kiwandani utaijua kwa kitufe au swichi kwenye dashibodi na waya unaoingia kwenye nyumba ya difu. LSD ni ile yenye sahani za msuguano ndani, zinazolizuia gurudumu moja lisizunguke bure mwenzake akiwa amesimama. Pengine utakuta kibati au maandishi karibu na nati ya kujazia yakidai oili ya LSD tu. Kama hakuna, ipime hivi: weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua ekseli ya nyuma mpaka magurudumu yote mawili yaelee, egemeza gari kwenye stendi za chuma na si kwenye jeki peke yake, weka gia huru, achia hendibreki. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likigeukia upande wa kinyume, difu ni ya kawaida. Likifuata upande uleule, una LSD. Kuna tahadhari moja: LSD iliyokwisha sahani zake hufanya kama difu ya kawaida. Kwa hiyo jibu la "kinyume" kwenye gari lililotembea sana, hasa Patrol, usilichukue kama neno la mwisho. Kitabu au kibao cha gari ndicho cha kuamini.

KWA NINI OILI YA INJINI HAIFAI, HATA IWE NZITO VIPI

Ndani ya difu, propela inazungusha pinioni, ile gia ndogo, na pinioni inazungusha krauni, ile gia kubwa ya mviringo. Kwenye difu nyingi za magari haya pinioni haigusi krauni kwenye mstari wa katikati. Imesogezwa pembeni ya mstari huo, na wataalamu wanaziita gia za hipoidi. Faida yake ni kwamba pinioni inakuwa nene na meno mengi zaidi yanashikana kwa wakati mmoja, hivyo inabeba mzigo bila kuvunjika. Gharama yake ni kwamba jino halibingiriki tu juu ya jino mwenzake, linateleza pia, kama panga linavyoburuzwa kwenye jiwe la kunolea.

Kuteleza huko chini ya uzito wa gari lililojaa, kwenye gia ya kwanza, kwenye mlima wa kuingia Ngorongoro, kunaikamua oili yote katikati ya meno. Chuma kinakutana na chuma. Hapo ndipo oili ya difu inapoonyesha tofauti yake: ina kemikali za salfa na fosforasi ambazo, kwa joto la mgusano huo, hushikana na chuma na kuweka utando mwembamba sana juu ya jino. Utando huo ndio unaoliwa, jino linapona. Oili ya injini haina kemikali hizo kwa kiwango cha kutosha kazi hii, na kuongeza uzito wake hakuzileti.

Salfa hiyo ndiyo inayoipa oili ya difu ile harufu ya mayai viza. Ikikudondokea kwenye ovaroli, nyumbani watakujua kabla hujabisha hodi.

HATUA YA KWANZA YA KUCHAGUA: DARAJA

Tafuta herufi GL kwenye kidumu. Ni madaraja ya API, Taasisi ya Petroli ya Marekani, na dukani utakutana hasa na mawili: GL-4 na GL-5. Kwa difu ya hipoidi jibu ni GL-5, na karibu kila kitabu cha gari la aina hii kitakuambia hivyo. GL-5 ina karibu mara mbili ya zile kemikali za salfa na fosforasi zilizo kwenye GL-4. Ukiweka GL-4 kwenye difu inayobeba mzigo, gari litatembea, tena kimya kabisa kwa muda, huku meno yanaliwa.

Je, basi GL-5 iwekwe kila mahali, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu? Hapana, na hili ndilo kosa la magereji mengi. Ndani ya giaboksi ya manyuali kuna pete za sinkroneza, mara nyingi za mchanganyiko wa shaba, na salfa kali haipatani na shaba. Halafu pete hizo zinahitaji msuguano kidogo ili gia iingie, na oili inayoteleza mno inazinyima. Gari moja lilikuja kwangu likiwa limetoka kumwagiwa oili kwenye gereji fulani, difu, giaboksi na transfa, zote kutoka pipa moja la GL-5 la 140. Gia ya pili ikawa inaingia kwa ugomvi kila asubuhi. Tulimwaga, tukaweka ile inayotajwa kwenye kitabu, na baada ya siku chache ikalainika. Kuna giaboksi ambazo kitabu kinaruhusu GL-4 au GL-5, na kuna zinazokunywa kitu tofauti kabisa: baadhi ya giaboksi za Land Rover za zamani, kama ile ya LT77, hutumia ATF, ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Usikisie tumbo la pili kwa kujua la kwanza.

Muuzaji akikuletea GL-6 akisema ni "zaidi ya tano", mrudishie kwa heshima. API imeshaliacha daraja hilo na mitambo ya kulipimia haipo tena.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui: ile nembo ya mviringo ya API unayoiona kwenye makopo ya oili ya injini haitolewi kwa oili ya gia. Maneno "API GL-5" kwenye kidumu ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana mimi napenda kuona pia SAE J2360 imeandikwa pembeni. Hicho ni kipimo kilichorithi kile cha jeshi la Marekani, MIL-PRF-2105E, na oili inayotaka kuidhinishwa kwacho hupelekwa kukaguliwa nje ya kiwanda chake.

HATUA YA PILI: NAMBA

Sasa zile namba, 80W-90, 85W-140, 75W-90. Kwanza ondoa hofu: 90 ya gia si nzito mara mbili ya 50 ya injini. Ni mizani mbili tofauti. Oili ya gia ya 90, ikiwa na joto la nyuzi 100, huanzia uzito wa sentistoki 13.5 (kipimo cha ugumu wa oili kutiririka). Oili ya injini ya 50 huanzia 16.3 kwa kipimo hichohicho. Yaani 90 yako iko jirani na 40 au 50 ya injini. Oili ya 140 ndiyo nzito kwelikweli, inaanzia 24.

Namba yenye W ni ya baridi. Oili ya 85W imepimwa isigande kupita kiasi kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, 75W kwenye 40 chini ya sifuri. Kwetu, baridi ya namna hiyo unaitafuta juu kabisa ya Kilimanjaro, na huko magari hayapandi. Ukiwa Tanzania, Kenya au Uganda, usilipie zaidi kwa ajili ya namba ya kwanza. Tazama ya pili. Aliye na gari Kanada au Norway asome kinyume chake.

Kitabu cha Toyota cha mikonga ya zamani kinataka GL-5 ya SAE 90 pale ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na 80W au 80W-90 pale inaposhuka. Kwa hiyo 80W-90 GL-5, inayopatikana kila mji wenye duka la spea, inatosha mkonga mwingi unaotembea porini. Hilux na Prado za karibuni ni habari nyingine: baadhi yake kitabu kinaandika 75W-85, nyepesi zaidi, kwa sababu zimeundwa kubana matumizi ya mafuta. Ukiweka 90 kwa gari linalobebeshwa mizigo kwenye joto huwezi kuliua, lakini kama gari bado lina garantii, fuata kitabu.

Na 140? Hapa mafundi tunagombana. Ina mahali pake: pikapu inayotembea imejaa kila siku, inavuta tela, kwenye joto la Lodwar au Dodoma, na kitabu kikiwa kinaruhusu. Difu inayofanya kazi hivyo inachemka mpaka 90 inakuwa maji, na 140 inashikilia. Lakini 140 imegeuzwa dawa ya kila kelele, na hapo ndipo ninapoipinga. Difu inayovuma kwa sababu beringi ya pinioni imekwisha, ukiitia 140 itanyamaza wiki kadhaa. Umeinyamazisha, hujaitibu. Kuna ujanja wa zamani wa wauza magari wa kutia unga wa mbao ndani ya difu ili isipige kelele siku ya mauzo. Oili nzito kwenye difu mbovu ni binamu yake wa karibu.

Tena oili nzito kupita hitaji ina madhara yake. Ndani ya difu hakuna pampu. Krauni ndiyo inayoichota oili chini na kuirusha, na sehemu yake inapita kwenye mfereji mdogo kwenda kuinywesha beringi ya mbele ya pinioni, ile iliyo mbali zaidi. Asubuhi ya baridi pale Ngorongoro, oili iliyoganda kama asali inachelewa kufika huko. Na gari linakula mafuta zaidi kwa kuikoroga tu.

SINTHETIKI AU YA KAWAIDA?

Nitajibu kwa kuuliza: gari lako linaingia majini mara ngapi? Kama kila masika unavuka mito, oili nzuri ni ile unayoweza kuimudu kuimwaga bila kuumia moyo. Oili ya kawaida ya madini, 80W-90 GL-5, ya chapa inayoaminika, ibadilishwe mara kwa mara. Sinthetiki inavumilia joto kuliko ya kawaida na inaishi muda mrefu, hivyo inalipa kwa gari la safari ndefu za lami na tela nyuma, au kwa anayetembea jangwani ambako maji hayapo ila joto lipo tele. Kulipia oili ya kuishi kilomita 80,000 kwenye ekseli itakayokunywa mto mwezi ujao ni kama kuvaa viatu vya harusi kwenda kulima mpunga.

LSD INA MASHARTI

Sahani za LSD zinahitaji kushikana, lakini kwa ulaini. Oili ya GL-5 ya kawaida bila kirekebisha msuguano huzifanya zishike na kuachia kwa mirindimo. Utasikia mtetemo na mlio wa "krr-krr" nyuma unapokata kona kali taratibu, kwa mfano ukigeuza gari kituo cha mafuta. Tafuta kidumu kilichoandikwa LSD. Toyota ilitaka 85W-90 ya LSD kwenye difu zake za aina hiyo. Au nunua kichupa cha kirekebisha msuguano uongeze kwa kipimo kilichoandikwa. Usizidishe: ukizidisha, sahani zinateleza na LSD yako inakuwa difu ya kawaida uliyoinunua kwa bei ya juu.

Loki ya kiwandani, ya umeme au ya hewa, kwa kawaida haidai oili ya LSD. GL-5 ya kawaida inatosha. Loki ya kufungwa baadaye ina karatasi yake. Isome hiyo karatasi, usimsikilize aliyekuuzia tu.

DUKANI

Kwa difu mbili za mkonga chukua lita 7, itabaki kidogo ya kuongezea. Nunua vidumu vilivyofungwa. Oili ya kupimiwa kutoka pipa lililo wazi siichukui hata ikiwa nusu bei, kwa sababu pipa hilo hujui limejazwa na nini mara ya pili. Tazama kifuniko na pete yake ya plastiki kama imevunjwa, namba ya toleo iliyochapwa kwenye kidumu, nembo ya shirika la viwango, TBS au KEBS, kutegemea uko wapi. Ukifungua nyumbani, nusa. Oili ya GL-5 inanuka. Isiyo na harufu yoyote ya salfa, yenye harufu ya mafuta ya taa au ya oili ya injini iliyotumika, rudisha siku hiyohiyo ukiwa na risiti.

Nunua pia washa mpya za nati (zile pete bapa za kuzibia), pampu ya mkono ya kujazia oili, na brashi ya waya.

KUMWAGA NA KUJAZA

1. Tembeza gari kilomita 10 hadi 15 ili oili ipate joto na uchafu uelee ndani yake. Simamisha mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu. Gari likiwa limeinama, kipimo cha oili kitakudanganya.

2. Safisha kuzunguka nati zote mbili kwa brashi. Vumbi la Serengeti likiingia ndani linakuwa msasa.

3. Fungua nati ya KUJAZIA kwanza, ile ya juu. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya usiku mmoja mrefu. Kijana wangu mmoja alimwaga difu ya nyuma yote, kisha nati ya juu ikakataa. Kutu, na mtu aliyetangulia alikuwa ameikaza kwa bomba refu kwenye spana. Gari limelala bila oili, mwenye nalo anasubiri kuondoka alfajiri, na sisi tunachomea nati nyingine juu ya ile ili tupate pa kushika. Ya juu ikikubali, ndipo uguse ya chini. Kwenye mkonga mara nyingi ni spana namba 24, na tumia soketi ya pembe sita. Defender za zamani zina tundu la mraba la nusu inchi.

4. Fungua ya chini, acha ichuruzike mpaka matone yaachane. Ukiwa na haraka usimwage oili ya difu, fanya kazi nyingine.

5. Kama nati ina sumaku, ifute kwa kitambaa na uangalie kilichoganda.

6. Rudisha nati ya chini na washa mpya. Kaza kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu. Mkono wenye hasira ndio unaoua nyuzi za nyumba ya difu.

7. Jaza kwa pampu hadi oili ianze kurudi nje kupitia tundu la juu. Ngoja dakika tano, ongeza tena, maana inachukua muda kuingia kwenye mirija ya ekseli. Usawa unaotakiwa ni kwenye ukingo wa chini wa tundu, au milimita chache chini yake, kidole cha mwisho kikiwa kimekunjwa kinaigusa. Kuzidisha hakusaidii: oili ikipanuka kwa joto itatafuta njia kupitia sili za magurudumu (pete za mpira zinazozuia oili isitoke) na kulowesha breki.

8. Funga, tembea kilomita chache, lala tena chini utazame kama kuna jasho.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Wanaoipaka nguzo za uzio kuzuia mchwa wapo wengi, na nguzo zinadumu kweli, ila usiipake karibu na kisima wala zizi.

OILI INAKUAMBIA NINI

Nyeusi au kahawia iliyokolea, haina vipande: hali ya kawaida. Chai ya maziwa: maji. Nyeusi tii yenye harufu ya kuungua: imechemka, ama kwa mzigo, ama kwa kupungua, ama ilikuwa nyepesi kuliko kazi. Kwenye sumaku, ule uji laini wa kijivu unaopakika kidoleni kama wanja ni uchakavu wa kawaida. Chembe zinazochoma kidole, vipande bapa, au kipande chenye umbo la jino ni ishara ya kufungua difu, na hakuna oili itakayokuokoa hapo.

Ukikuta chai ya maziwa, jaza GL-5 ya bei nafuu, tembea kilomita 50 hivi bila mzigo mkubwa, mwaga tena. Rudia kama bado ina weupe, ndipo uweke oili yako nzuri. Wapo wanaosuuza kwa dizeli. Mimi nimeacha, kwa sababu sehemu ya dizeli hiyo inabaki kwenye mirija ya ekseli na kwenye mfuko wa beringi ya pinioni, kisha inakuja kuchanganyika na oili mpya na kuizimua.

KIPUMULIO, MAHALI MTO UNAPOINGILIA

Juu ya kila nyumba ya difu kuna kipumulio, kikofia kidogo cha chuma, pengine chenye mpira mfupi. Difu ikichemka, hewa iliyo ndani inatanuka na kutokea hapo. Kikizibwa na tope, presha inasukuma oili kwenye sili, na utaona gurudumu la nyuma limelowa.

Mtoni mambo hugeuka. Difu imetembea saa mbili, ina joto la kukuunguza mkono. Unaichovya kwenye maji baridi ghafla. Hewa ya ndani inasinyaa, inakuwa kama chupa inayonyonya, na inanyonya kilicho karibu, yaani maji, kupitia kipumulio na kupitia midomo ya sili. Dakika mbili majini zinatosha.

Dawa yake ni rahisi kuliko oili ya sinthetiki. Ondoa kikofia, funga mpira unaovumilia mafuta, upandishe ukiufuata mrija wa breki bila kuubana, uache ulegee pale ekseli inaposhuka na kupanda, umalizie juu ndani ya boneti au nyuma ya taa, na mdomoni weka chujio dogo la petroli. Fanya hivyo difu zote mbili, na giaboksi na transfa pia kama vipumulio vyake viko chini. Na ukifika kwenye kivuko, simama kwanza. Shuka, tembea kwa miguu kupima kina, kunywa maji, ongea na waliotangulia. Nusu saa hiyo inaipoza difu.

Baada ya kuvuka maji marefu usisubiri tarehe ya sevisi. Liache gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, legeza nati ya chini polepole sana, bila kuitoa, mpaka tone la kwanza lijitokeze. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo na hayajakorogwa, yatatangulia. Tone jeusi, kaza uendelee na safari. Tone la maji au la maziwa, safari inasubiri.

EKSELI YA MBELE YA MKONGA

Hii ina siri yake. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma linalogeuka na usukani, na ndani yake jointi ya CV, inayoiwezesha shafti kuzungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona, inaishi kwenye grisi, si kwenye oili. Kati ya tufe hilo na mrija wa ekseli kuna sili ndogo. Ikichoka, oili ya difu inavuka, grisi inageuka supu nyeusi, na tufe linaanza kutoa machozi nje. Mtu anaona machozi anaongeza grisi, wakati difu ya mbele inakauka kimyakimya. Kwa hiyo supu ikionekana kwenye tufe, pima oili ya difu ya mbele siku hiyohiyo, kisha panga kubadilisha sili za ndani, usafishe na kupakia grisi mpya ya molibdenamu.

LINI

Kwa gari la porini mimi humwaga difu kila kilomita 20,000, hata kama oili inaonekana safi. Difu iliyofungwa krauni na pinioni mpya naimwaga baada ya kilomita 1,000 za kwanza, kwa kuwa meno mapya yanatoa vumbi lake la chuma yakizoeana. Gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu namwaga matumbo yote manne siku ya kwanza, hata aliyeliuza akiapa kwa Mungu kuwa alifanya mwezi uliopita.

Na ukimaliza, chukua kalamu ya rangi, uandike ndani ya boneti: tarehe, kilomita, GL-5, 80W-90, ni LSD au si LSD. Fundi atakayelipokea gari lako Mugumu saa tatu usiku, kwa tochi ya simu, hatakuwa na kitabu mkononi.